Minong'ono Nyuma ya Kiti

Waoga wako wa aina nyingi. Yuko mwoga wa mbwa, yuko mwoga wa sindano, yuko mwoga wa mama mkwe. Mwepesi, msusi wa saluni ya kona, alikuwa mwoga wa sauti yake mwenyewe. Mpe kichwa cha mtu na kitana, hana mpinzani. Hilo jina la Mwepesi alipewa na wateja kwa sababu mkono wake hauumi; wako waliosinzia kitini huku akiwasuka mistari myembamba ambayo kwa msusi mwingine ungelia kama mtoto anayekatwa kucha. Lakini mwambie aseme neno moja mbele ya watu, utamwona anameza mate na kutafuta mlango.

Kanisani walimjua kwa kikohozi. Kiongozi wa kikundi cha maombi akianza tu kuzungusha macho kutafuta wa kufunga kwa sala, Mwepesi kikohozi kilimshika, tena cha kweli, hadi machozi yakamtoka na watu wakampisha atoke nje apate hewa.

"Kikohozi chako," dada yake alimwambia siku moja wakirudi nyumbani, maana waliishi pamoja, "kinajua ratiba ya ibada kuliko mchungaji."

"Niache, dada. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Haya. Siku ukicheka uniite nami nicheke."

Usimcheke haraka, lakini. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa bado anajifunza kazi, katika saluni nyingine kabisa, mteja mmoja alimsimulia shida zake, na yeye kwa moyo mweupe akamwambia, "Nitakuombea, mama." Yule mama akageuka, akamtazama juu mpaka chini, akapasua kicheko kilichofika barabarani. Tangu hapo saluni nzima ilimwita Askofu. Askofu, nipitishie mafuta. Askofu, ibariki hii rasta isifumuke mapema. Wateja wapya walifundishwa jina hilo kabla hawajakaa. Alivumilia wee, mwishowe akakusanya vitana vyake akaondoka, na njiani akaapa kwamba imani yake itakaa kifuani na mdomo wake utabaki wa kulia ugali na kuulizia bei.

Na saluni hii ya kona ilimfaa kwa kiapo hicho. Mwenye saluni, ambaye wote walimwita Madam, alimpa masharti siku ya kwanza kabla hata hajampa kiti.

"Hapa wanakuja wa dini zote, na wasio na dini wanakuja, na wote wana nywele. Sisi tunashughulika na nywele. Aliyekuwepo kabla yako alimwambia mteja wangu kwamba ataungua motoni, na wakati huo amemwingiza kichwa kwenye mashine ya drai. Yule mteja alikimbia na kichwa nusu. Nusu, unanisikia? Alipita sokoni hivyo hivyo, na kila aliyemwuliza akamtajia saluni yangu. Wewe si mmoja wa hao watu wa kanisani, eti?"

"Hapana, Madam," Mwepesi alisema.

Akalisikia lile neno likitoka, akatamani kulirudisha, likawa limeshakwenda. Usiku ule hakumwangalia dada yake machoni.

Sasa mtu akiamua kuficha moto, moshi ataufanya nini? Kazi ya msusi ni ya ajabu kidogo. Unamshika mtu kichwa saa nzima na zaidi, humwoni uso, naye hakuoni. Na binadamu asipoangaliwa machoni, husema. Mwepesi aliambiwa habari za waume, za uvimbe ambao mtu anaogopa kwenda kuupima, za watoto wasiopiga simu. Alikuwa akijibu "mh" na "pole", akagawa njia nyingine kwa mkia wa kitana, akaendelea. Lakini kile alichoambiwa kilimkaa rohoni kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Basi akaanza kuomba kidogo kidogo pale pale, amesimama nyuma ya kiti, midomo ikicheza bila sauti. Baadaye sauti nayo ikaingia, ndogo, chini ya redio na chini ya mlio wa drai. Alimtaja mtu kwa jina lake, akataja shida yake, akasuka. Kila kichwa kilichopita mikononi mwake kiliombewa hivyo, na mwenye kichwa hakujua.

Aliyejua ni mmoja tu, na Mwepesi hakujua kwamba anajua. Alikuwa Bibi, mzee aliyefagia nywele. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na pazia la nyuma, na kila kichwa kikifumuliwa, anazoa nywele zote, za mtu na za bandia, anazifunga kwenye mfuko, anakwenda kuzichoma uani. Madam ndiye aliyeweka utaratibu huo, maana wateja hawapendi nywele zao zizagae. Unazijua hofu za watu kuhusu nywele zao, sina haja ya kukueleza. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walidhani masikio yake ni mazito, naye hakuwakatalia.

Matatizo yalianza na mke wa fundi vioo.

Fundi vioo alikuwa na duka mtaa wa pili, mtu wa suti ya Jumapili na salamu ndefu, anayeshikana mikono na kila mtu mpaka mtu anatafuta namna ya kuutoa wake. Mkewe alikuwa mteja wa kila mwezi, mpole, mwenye nywele nzuri nzito. Siku hiyo alikuja na kilemba, na alipokaa hakutaka kukivua mpaka mteja wa pembeni alipoondoka. Mwepesi alipoanza kumfumua akaona, juu ya sikio la kushoto, mahali penye upana wa kiganja cha mtoto pasipo na nywele hata moja. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na vidonda vidogo vidogo pale mizizi ilipong'oka. Nywele hazikatiki hivyo kwa kitana wala kwa dawa. Msusi anajua.

"Nilijigonga mlangoni," mke wa fundi vioo alisema kabla hajaulizwa.

Mwepesi aliweka kitana chini. Akachukua mafuta, akapapaka pale taratibu kwa ncha ya kidole. Na yule mwanamke, kwa kuguswa vizuri tu, mabega yakaanza kumtetemeka.

"Ni yeye," alinong'ona. "Huzizungusha mkononi kwanza. Usimwambie mtu. Tafadhali, dada, ukisema ataniua."

Mwepesi alitaka kumwambia, nitakuombea. Lakini akamwona yule mama wa zamani akicheka, akamwona Madam akihesabu mashine zake kule kaunta. Akasema "pole". Halafu alipomsuka, akiyapitisha mistari juu ili kuficha lile tundu, akaomba kuliko alivyowahi kumwombea mtu yeyote, akimtaja jina, akirudia, huku akili yake ikisahau hata redio. Sauti ilimzidi kidogo. Aliona mteja wake amekaza shingo, akanyamaza.

Basi lisikilize kosa lilivyozaliwa. Wiki chache baadaye wifi wa yule mteja, yaani dada wa fundi vioo, mwanamke mrefu wa maneno makali, aliingia chumbani kwake bila kubisha hodi akamkuta anajichana. Akaliona lile tundu. "Wifi! Kichwa chako kimefanya nini?" Yule maskini, na mumewe amesimama hapo hapo sebuleni akisikiliza, akashika la kwanza lililokuja mdomoni: "Sijui, wifi. Ni tangu nisukwe kule saluni. Kuna mtu alikuwa ananong'ona nyuma yangu. Alikuwa akilitaja jina langu."

Neno la mwisho lilikuwa la kweli. Uongo ukichanganywa na ukweli kidogo huwa haushikiki.

Jumamosi ile saluni ilikuwa imejaa. Viti vyote vina vichwa, maji ya kuchovya ncha za rasta yanatokota, Madam anacheka na simu. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia wifi mtu, amemshika mke wa fundi vioo kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mwanafunzi mtoro. Nyuma yao waliingia wanawake wengine wa mtaa ule, na nyuma ya hao, nje, walikuwa wamesimama vijana wa kijiwe ambao hawakuitwa na mtu.

"Nani mchawi wa humu ndani?" wifi alisema.

Redio peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea.

"Wifi yangu amenyonyoka nywele hapa. Mtu alisimama nyuma yake akanong'ona jina lake. Leo mtanionyesha ni nani, au hii saluni itafungwa kwa mawe."

"Jamani, dada, tukae tuzungumze," Madam alisema, na simu yake ikaanguka.

Hakuna aliyemtazama Mwepesi. Nani angemtazama? Msusi bora wa mtaa, kimya, mkono mwepesi. Macho ya watu yalitembea chumbani yakitafuta pa kutua, na wewe unajua yalitua wapi. Yalitua kwenye kigoda karibu na pazia, kwa mzee mwenye mfuko wa nywele mapajani.

"Huyo!" mmoja akasema. "Ndiye anayezichukua nywele zetu. Huwa anazipeleka wapi?"

"Nazichoma," alisema Bibi.

"Unazichoma na kusema nini?"

Wakampokonya mfuko, wakaumimina sakafuni. Nywele za watu wote wa juma lile zikatawanyika, na wateja wakainua miguu juu ya viti wakipiga kelele kana kwamba kumemwagwa nyoka. Mmoja alikimbilia nje na taulo shingoni. Mlangoni kelele ikapokelewa, "Yuko! Wamempata! Ni kizee!" na Mwepesi akaona kupitia kioo kijana mmoja akiinama kuokota kitu chini.

Nikwambie alivyoogopa? Vidole vyake, ambavyo havijawahi kukosea njia, vilishindwa kuishika rasta ya mteja aliyekuwa mbele yake. Na akili ya mwoga ni hodari, usiidharau. Ilianza kumpangia maneno mazuri. Nyamaza kwanza, watapoa. Bibi atakwenda nyumbani, utampelekea unga jioni. Ukisema, Madam atakufukuza, maana ulimdanganya. Ukisema, huyu mama wa watu atajulikana, na mumewe atamuua, si alikuambia mwenyewe? Unaona? Kunyamaza ndio wema.

"Bibi," Madam alisema, na sauti yake ilikuwa na aibu lakini aliisema, "chukua vitu vyako uende. Nisamehe. Nenda tu."

Aende wapi? Njia ya kwenda ilikuwa ile ile moja, na imejaa watu.

Bibi alisimama. Akatafuta ndala zake chini ya kigoda, akavaa moja, ya pili ikamkataa kila akiingiza kidole. Wifi akamsogelea hadi usoni.

"Kama si wewe, tuambie ni nani. Unakaa hapo nyuma siku nzima. Ni nani alikuwa ananong'ona?"

Na Bibi, kwa mara moja tu, haraka sana, akamtazama Mwepesi. Halafu akashusha macho kwenye ndala.

"Mimi masikio yangu mazito," alisema. "Sikusikia mtu."

Mwepesi alihisi kama amemwagiwa maji ya kutokota. Anajua! Amejua siku zote. Neno moja tu lingemtoa pale, kidole kimoja tu, na hakukinyoosha. Mzee wa watu anatoka kwenda kupigwa mawe na mnong'ono wa mtu mwingine ameufungia kinywani.

"Ni mimi," Mwepesi alisema.

Hakuna aliyesikia. Masikini, hata ujasiri wake ulitoka kwa kunong'ona. Wanawake walikuwa wamekwisha kumshika Bibi mkono. Mwepesi akanyoosha mkono akaizima redio, na akasema tena, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu, iliyopasuka katikati.

"Mwacheni! Ni mimi niliyenong'ona!"

Sasa walimtazama wote. Hicho ndicho kitu alichokikimbia maisha yake yote, chumba kizima cha macho, na hakikuwa na upole wowote.

"Wewe?" alisema Madam.

"Nilikuwa nasali. Mimi ni Mkristo, Madam. Uliponiuliza nilikana, nilikukosea wewe na nikamkosea Mungu. Kila ninayemsuka namwombea. Bibi hajafanya lolote."

Mmoja alicheka. Mwingine akaguna. Wifi alimwachia Bibi, akaja taratibu mpaka Mwepesi akaisikia pumzi yake.

"Kila mchawi husema anasali. Haya, tuambie. Ulimwombea nini wifi yangu?"

Mwepesi akamtazama mke wa fundi vioo. Alikuwa amebanwa ukutani karibu na drai, mkono umeshika kilemba, macho yamemtoka, na kichwa chake kinatikisika kidogo sana: usiseme, usiseme.

"Hilo siwezi kulisema."

"Mmemsikia!"

"Ni siri yake. Sina ruhusa. Mimi niulizeni habari zangu, nitawajibu."

"Mmemsikia, jamani! Sala gani isiyosemeka?"

Kelele zilirudi maradufu. Mlangoni watu walisukumana, kioo cha dirisha kikapigwa kofi kutoka nje. Mtu alimvuta Mwepesi aproni, ukamba ukakatika. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akafumba macho, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine yoyote duniani, akaanza kuomba, kwa sauti, mbele yao.

"Baba, ninaogopa. Unaona mwenyewe jinsi ninavyoogopa. Nimekuwa nikizungumza na wewe kwa kujificha kama mtu anayekuonea haya, na leo nimemponza mama asiye na kosa. Usiwaache wamguse Bibi. Na huyu dada yangu, lile nililokuambia juu yake unalijua. Sijamwambia mtu. Mlinde. Mlinde leo akirudi nyumbani. Mlinde, Baba, mlinde asije akafa."

Alisema "mlinde" mara nyingi, hakuwa na ufasaha wowote. Alilia kamasi. Mtu aliyewahi kusikia sala nzuri asingeiita ile sala. Lakini alipofumbua macho aliona kelele zimepungua upande wa drai, kwa sababu mke wa fundi vioo alikuwa ameanza kukifungua kilemba chake.

Alikifungua chote. Kikaanguka juu ya zile nywele zilizomwagwa. Akageuza kichwa upande, watu waone.

"Ni kaka yako, wifi," alisema. "Huzizungusha mkononi kwanza, kisha huvuta. Niliwadanganya. Huyu aliniombea nisife, na mimi nikamwita mchawi kwa sababu nilimwogopa mume wangu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mimi nami nimebatizwa. Nilimwacha Bibi ashikwe, huku najua."

Watu walimgeukia wifi, wakingoja ampige kofi, wakingoja aseme anasingizia. Yule mwanamke mrefu wa maneno makali alimsogelea. Akatazama lile tundu. Akakaa kwenye kiti cha mteja, taratibu, kama mtu mzima aliyepanda ngazi ndefu, na hakukana. Hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba ni kweli, na kwamba yeye alijua kabla yao.

Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Bibi aliketi tena kwenye kigoda chake na ndala moja. Ila nje, katika wale vijana, kuna aliyekwisha kutoka mbio kuelekea mtaa wa pili, na sauti yake ilisikika ikiita kwa mbali, "Fundi! Fundi vioo! Mkeo anakusema huku!"

Madam alikimbilia mlango. "Nifunge! Jamani, nifunge kabla hajafika!"

"Usifunge," alisema mke wa fundi vioo.

"Unasemaje? Mama, anakuja!"

"Najua anakuja. Nyumbani yeye huanza kwa kufunga mlango."

Alikaa kwenye kiti cha mbele ya kioo, akiangalia barabara. Mwepesi alisimama nyuma yake. Hofu haikuwa imekwenda popote. Akaweka viganja vyake viwili juu ya lile tundu, akawaona watu barabarani wakipisha njia mtu aje, na akaanza kuomba tena kwa sauti.